Gia ya Kwanza Inarudi Nyuma

Fundi Ansbert wa Temeke hakupenda kusimamiwa kazini, na Mwalimu Felicitas alikuwa amemsimamia tangu asubuhi. Mama huyo alihamishiwa shule ya Kimbiji, kwenye njia za mchanga, na gari lake, Cortina GT kuukuu iliyoshinda mbio za magari enzi zake, ilikwama kila penye mchanga. Ndipo Ansbert akang'oa ekseli ya nyuma ili afunge ya pikapu, ngumu zaidi, yenye gia za nguvu badala ya za mbio.

Ilikuwa Jumapili, na miaka hiyo ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwi barabarani, kuokoa petroli. Kwa haraka hiyo fundi akakaza nati ya mwisho, akaingia garini, akatia gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma. Akatia ya pili. Likarudi kasi zaidi, likabomoa banda lake la kuku.

Akajitupa uvunguni. Ekseli alikuwa ameifunga juu chini, magurudumu yakawa yanazunguka kinyume.

“Nilikuona,” alisema Felicitas. “Ila ulishanikaripia mara tatu. Rivasi je?”

“Itakwenda mbele,” alijibu fundi akitoka uvunguni.

Felicitas akapanda, akatia rivasi, akalielekeza gari kwenye rundo la mchanga wa jirani aliyekuwa akijenga. Likapanda taratibu mpaka juu, bila kuteleza. Akashuka akicheka.

“Ekseli nzuri, fundi. Igeuze tu. Leo sitawahi saa nane; Jumapili ijayo nakuja kulichukua gari, wala sikusimamii tena.”

Ansbert akaingia ndani, akatoka na stuli, akaiweka kando ya gari.

“Uje asubuhi, Mwalimu,” alisema. “Utakaa hapa.”