Taa Nyekundu kwa Mwenye Shairi

...eti anasikia hospitali, hospitali gani sasa, kwenye shairi langu hakuna hata bandeji, kuna ofisi, kuna benchi, kuna dada wa mapokezi anayetafuna chingamu huku akisema tutakupigia, lakini nesi amefumba macho yake na anaendelea tu, "nasikia watu wanaosubiri kuitwa, na kila mmoja anaomba jina lake lisirukwe," na wenzake wanatikisa vichwa kana kwamba wameshushiwa ufunuo, nami nimekaa nimebana midomo, maana hapa ukishasoma shairi lako umewashiwa taa nyekundu, hunyanyui ulimi mpaka kila mtu aseme alichosikia, na ukijitetea, hata kwa neno moja, hata kwa kikohozi chenye maana, shairi linarudi mkobani na halizungumzwi tena, ndivyo alivyoamua mwalimu wa udereva, mwenye chumba hiki, anayefundisha watu kurudi nyuma kwa gari siku tano na Jumamosi mchana anatupa sisi viti vyake vya plastiki, tunakaa duara chini ya michoro ya alama za barabarani, mbele yetu meza yenye usukani wa gari lililokufa zamani, na fundi simu, mtu mzima na ndevu zake, hawezi kukaa karibu na usukani huo bila kuuzungusha... na mimi, Second Class Upper, madam, mwenye cheti kilichofungwa kwenye plastiki kama samaki wa kugandishwa, nakubali kuzibwa mdomo na mtu anayetungia breki mashairi, nakubali kwa sababu leo ni leo, taa ikishazimwa mwenye shairi anaruhusiwa neno moja tu, naliacha au nalichukua, ukilichukua unarudi nalo nyumbani, ukiliacha linapanda jukwaani Jumamosi ijayo kwenye ukumbi wa maktaba, na huko atakuja mama wa redio anayetafuta mtu wa kumwandikia michezo ya kuigiza, kazi, kazi yenyewe, ya mshahara na kiti na mlango wa kuingilia asubuhi, siyo internship, siyo we will keep your CV on file, file gani hiyo jamani, hata kaburi lina mwisho wa kujaa... tulia, sikiliza, nesi amemaliza, ameshukuru, nesi hushukuru kila kitu, sasa ni zamu ya fundi simu, ameachia usukani, Mungu wangu anacheka hata kabla hajasema. "Mimi nimempenda mzee! Yule mzee wa viatu! Msomi, umetuletea kituko," anasema, na anasimama kabisa, anainama kama anapiga kiatu rangi, anaigiza sauti ya kikongwe, "wataona viatu kwanza, mwanangu, digrii baadaye!" na duara zima linaangua kicheko, nesi anajipangusa macho, mwalimu anapiga paja, na mimi chini kwa chini nasikia raha, kwa nini niseme uongo, miezi yote niliyokaa humu mashairi yangu yalipokewa kama taarifa ya msiba, watu wanahema tu, leo wamecheka, wamecheka pale pale nilipopanga wacheke, ubeti wa tatu, nilijua, niliuandika kitandani nikitabasamu peke yangu, timing, comic relief, yale mambo ya darasani yamelipa hatimaye, mama wa redio akisikia kicheko kile atauliza huyu nani, nitasimama, nitasema ni mimi... "Mimi simcheki," anasema mama aliyestaafu posta, na sauti yake ni ya dirishani, ya kukurudishia barua yenye stempu pungufu, "mimi namkasirikia. Mtoto anahangaika na dunia, mzazi anamjaza maneno ya rangi ya viatu. Mzee mjinga. Hajui lolote na hataki kujua. Mwanangu, huyo umemchora vizuri, nimemwona, mjinga mtupu," na nesi anasema, "lakini mama, wazee wako hivyo," na fundi simu anasema, "mjinga lakini mtamu," na mimi nasikia damu imenipanda mpaka masikioni, nani mjinga, wewe mama, mjinga nani, unamjua, umewahi kumwona akisoma gazeti mpaka matangazo ya zabuni kutafuta tu kama kuna penye jina la fani yangu... na mdomo wangu umefunguka, kweli umefunguka, nasikia hewa ya chumba kwenye meno, na mwalimu ananyoosha kidole bila hata kunitazama, "Msomi, taa," na wote wanacheka tena, kwa upole tu, wananipenda hawa watu, hilo ndilo baya lake, naufunga. Mjinga mtupu. Nimemchora vizuri. Lakini hakusema. Baba hakusema maneno yale. Subiri, hebu subiri, alisema nini siku ile ya usaili, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na barabara yetu ilikuwa uji, nilitoka na kandambili, yeye nyuma yangu na viatu vyangu kwenye mfuko wa mkate, tukaenda hivyo mpaka kwenye geti la ile ofisi, pale nikamshika bega, nikasimama kwa mguu mmoja, yeye ananifuta nyayo kwa kitambaa chake cha mkononi, mlinzi anatukodolea macho, na baba akamwambia mlinzi, "habari za kazi, afande," kwa heshima zote, kama watu wawili walio kazini, kisha akaziokota kandambili zangu na tope lake, akazitia kwenye ule mfuko, akaubana kwapani na akarudi zake, hakusema kuhusu viatu, hakusema kuhusu digrii, hakusema kitu, na mimi niliingia ndani nikaambiwa tutakupigia, na niliporudi nyumbani zile kandambili zilikuwa mlangoni, zimeoshwa, na haya yote hayamo, hayamo kabisa kwenye shairi, kwa sababu hayachekeshi, sikujua pa kuyaweka, nikamtungia sentensi na kumsokomezea mdomoni, ikachekesha, na yeye hakuwepo kusema binti, hiyo siyo yangu... amekaa humu katikati ya duara kama mimi hivi, wanamgeuza, wanamwigiza, mjinga, mtamu, wazee wako hivyo, taa yake nyekundu niliiwasha mimi. Basi nitaufuta ubeti, nifute tu, lakini hapana, shairi linaloachwa linaachwa kama lilivyosomwa, hata mkato haubadilishwi, walikuwepo wajanja waliokuwa wakiacha hili na kwenda kusoma lile, mwalimu akaziba tundu... na Jumamosi baba atakuja, ameshauliza maktaba wanafungua saa ngapi, ameshamwambia kinyozi wake, atakaa kiti cha mbele, na ukumbi utacheka, na hilo ndilo linalonimaliza, yeye pia atacheka, atacheka kwa nguvu kuliko wote, atamgeukia mtu wa pembeni asiyemjua na kumwambia yule ni mimi, yule mzee ni mimi, na mama wa redio ataandika jina langu... Kazi ingekuwa nzuri. Sitajidanganya, kazi ingekuwa nzuri sana, ningepanda ngazi za redio na kitambulisho shingoni, I would have been insufferable, nisingevumilika. "Amebaki mwenye nyumba," anasema nesi, na mwalimu wa udereva anakohoa, anavua kofia, maana yeye huwa wa mwisho na huwa mrefu, "mimi jamani nimesikia mwendo," anasema, "mwendo wa mtu anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja," na fundi simu anaguna, "shaanza huyo," na usukani unazunguka tena taratibu mezani, na ajabu sina haraka, hasira niliyokuja nayo naitafuta siioni, aseme, azunguke mji mzima na gia zake, neno langu ninalo, nalichukua, nitasema nalichukua, watashangaa, mama wa posta atasema mwanangu usikasirike, nitamwambia sijakasirika na itakuwa kweli, kisha nitakwenda nyumbani jua likiwepo bado, baba atakuwa ameketi nje na redio yake ndogo, ataniuliza limepita, nitamwambia halijaisha, izime hiyo kwanza, nisogezee kiti, niambie, baba, siku ile ya matope, uliponiacha getini ukarudi peke yako, ulikuwa ukiwaza nini njiani...