Ghala la Juu

Kwetu milimani, kusini mwa mji wa Cusco, lile kundi dogo la nyota linalochomoza alfajiri ya Juni tunaliita Kollka. Ndilo jina la ghala la viazi. Mwalimu wangu wa shule alituambia wahenga waliziona nyota zimebanana, wakakumbuka maghala yao, wakazipa jina hilo. Nilimpelekea baba maelezo hayo nikiwa na miaka kumi, nikijiona msomi.

"Mwalimu wako kavaa suruali nyuma mbele," baba alisema. "Ghala la juu lilikuwapo kabla mtu yeyote hajapanda kiazi. Hili letu la chini ndilo mtoto wake. Kila cha chini kina mwenziwe juu, mama. Llama anaye, mbweha anaye. Mbegu inaanzia huko."

Mpaka leo sijasikia mtu akilieleza neno vizuri kuliko baba yangu Eleuterio, ambaye hata jina lake huliandika kwa taabu.

Kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyekisomea kijiji Kollka. Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana alipanda kilimani peke yake. Nyota ziking'aa, mvua itawahi, tupande viazi kwa wakati. Zikififia, mvua itachelewa, tusubiri mwezi mzima. Akishasema, hakuna anayetazama tena; kuhesabu nyuma yake ni kumtukana. Na hakuwahi kukosea, wala sisemi hivyo kwa kuwa ni baba yangu.

Mwaka niliotimiza thelathini aliteremka asubuhi tatu mfululizo akisema, "Zimefifia. Sijawahi kuziona hafifu hivi." Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumapili.

Ijumaa niliamka kabla ya jua kuchomoza, nikaenda kuangalia viazi nilivyovianika vigande kwa baridi, vile tunavyovikausha viwe chunyo. Niliinua kichwa bila kukusudia. Kollka ilikuwa juu ya mlima, inang'aa. Nilihesabu nyota kumi na moja. Hapo nilikumbuka juzi baba alimmiminia jirani pombe ya mahindi nje ya kikombe, sisi tukacheka.

Tukichelewa kupanda mwaka wa mvua za mapema, baridi kali ingevikuta viazi bado vichanga, na familia arobaini zingelala njaa. Nikisema mkutanoni, ningemvua baba nguo mbele ya watu.

Nilimwambia mchana ule, tukiwa wawili tu, tunavikanyaga viazi kwa miguu mitupu ili maji yatoke.

"Baba, nimezihesabu."

Aliendelea kukanyaga. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Ziko kumi na moja."

"Mtu mzima na miaka yako thelathini, leo ndiyo umejua kuhesabu?"

"Baba, pale ukutani kuna nani?"

Alikaza macho. "Si ni mama yako yule."

"Ni gunia, baba."

Aliacha kukanyaga. Nilitamani ulimi wangu ukatike.

Kesho yake alfajiri alinishika mkono tukapanda kilimani. Hakuniuliza idadi. Aliuliza ipi kubwa, ya mbele au ya nyuma. Zina rangi gani. Zinachezacheza au zimetulia. Nilijibu moja moja. Mwisho akasema polepole, "Mvua ya mapema. Tena nzuri." Alikuwa akilia, na mimi pia.

Jumapili mwenyekiti wetu Policarpo, mtu wa kuchokoza watu, alianza, "Haya mzee, tusubiri mwezi mmoja, au tulale moja kwa moja?"

Baba alivua kofia. "Pandeni kwa wakati. Nimeisingizia mbingu. Wingu liko machoni mwangu, juu ni kweupe."

Hakuna aliyecheka. Policarpo naye alivua kofia yake.

"Sasa nani atatusomea, mzee?"

"Huyu aliyehesabu nyuma yangu," baba alisema, akinisukuma mbele. "Adabu hana. Macho anayo."

Mvua zilifika mapema Oktoba, na Mei ghala letu lilijaa hadi mlangoni.

Siku hizi kila Juni tunapanda kilimani wawili. Baba husimama akiwa ameelekeza uso upande usio na nyota zetu, nami humshika mabega nikamgeuza.

"Ghala la juu limejaa?"

"Limejaa, baba."

"Basi hesabu kwa sauti," huniambia, "na mimi nione."