Mfuko wa Mkate wa Obdulia

Alhamisi, saa saba mchana, wazee wawili wa Kikorea, mume na mke, waliingia kwenye mkahawa wa Casilda na mabegi yao mgongoni, wakauliza kwa ishara kitanda kiko wapi. Casilda alikuwa anamenya viazi. Alipoziona fimbo zao na zile kome nyeupe walizotundika kwenye mabegi, alijua kuna jambo limeharibika. Mahujaji wa Mtakatifu Yakobo, waendao Santiago kwa miguu, hawapiti kijiji hiki cha Valdecierzo. Njia yao iko kule darajani, kilomita sita, na anayefika huku amepotea.

"Mshale," alisema yule mzee kwa Kihispania cha kuokoteza, akichora hewani kwa kidole. Kidole chenyewe kilikuwa na doa la rangi ya njano.

Casilda akaweka kisu chini. "Yesu na Maria," akasema. "Ni mimi huyu."

Mambo yalikuwa hivi. Halmashauri ya kijiji ilishamwambia kwamba mkahawa, ambao ndio mmoja tu kijijini, utafungwa Krismasi kama wateja watabaki walewale wanne wa kucheza karata. Ndipo akaja mwanamke wa mjini, Nekane, anayepeleka wageni kukimbia mashambani na kwenye miji ya kale. Alitaka njia itakayoanzia lango la mji wa Torremolar, ipite mizabibu na mashamba ya ngano, imalizikie mahali pa kula. Casilda akamwambia hiyo njia anaijua hata akiwa amefumba macho. Nekane akasema sawa, iwekee alama, Jumamosi nakuja na wageni kuijaribu. Jumatano Casilda akachukua ndoo ya rangi kwa shemeji yake, akachora mishale kwenye kila kona, zote kumi na moja.

Shemeji mwenyewe, Fructuoso, alikuwa amekaa palepale kaunta na glasi yake ya divai.

"Shemeji, ulinipa rangi gani?"

"Ya milango ya zizi. Ilibaki nusu ndoo. Ina nini?"

"Ya njano."

"Sasa ulitaka ya dhahabu?"

"Fructuoso, hawa mahujaji, tangu mpakani na Ufaransa mpaka Santiago, wanafuata nini?"

Fructuoso akafungua mdomo, akaufunga, kisha akacheka mpaka divai ikamwagikia shati. "Mishale ya njano! Casilda, umewaibia watakatifu hija yao!"

"Usinicheke."

"Nacheka kwa furaha! Waache waje, wewe. Leo wawili, kesho ishirini. Utakaanga kimanda cha viazi mpaka mkono ukatike. Nani atafunga mkahawa uliojaa mahujaji?"

Ukweli ni kwamba wazo lile lilikaa kichwani mwa Casilda kama dakika nzima. Aliwaona watu mlangoni, wakipanga foleni. Halafu yule mke wa Kikorea akavua kiatu na soksi. Kisigino kilikuwa kimechunika kama kiazi kilichomenywa nusu. Walikuwa wametembea kilomita sita za bure, na kurudi wangetembea sita nyingine.

Aliwatilia maji ya chumvi kwenye beseni, akawapa kimanda na supu, kisha akawapakia kwenye gari lake kuukuu, lile alilosambazia mkate miaka ishirini na saba kabla ya kuchukua mkahawa.

Darajani, Obdulia alikuwa amesimama kwenye lango lake, mikono kiunoni. Ni mjane wa msaga nafaka, ana miaka sabini na sita, na kinu chake cha kusagia, anamoishi, ndicho nyumba pekee mahali pale. Mahujaji hunyoosha mbele. Anayekuja Valdecierzo hupita kushoto, katikati ya ua wa Obdulia. Njia ni haki ya watu wote tangu zamani, lakini lango ni lake, nguzo ni zake, na chochote mtu anachofunga kwenye nguzo zile yeye hukifungua akakichoma.

"Kumbe huku unakujua bado," alisema Obdulia. "Kuna mtu kachora mshale kwenye jiwe langu nikiwa nimelala mchana. Na wageni wameacha lango wazi. Mbuzi wangu sita wako kwenye kabichi za watu."

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Nani mwingine angechora mshale uliopinda namna ile?"

Casilda aliwaonyesha wale wazee njia yao. Wakainama, wakashukuru, wakaenda zao. Kisha akapiga magoti, akaukwangua ule mshale kwa brashi ya waya mpaka jiwe likabaki jiwe. Akazunguka kona zote, akakwangua mishale yote. Alipofika nyumbani vidole vilikuwa vinatoa damu, na njia haina alama hata moja.

Akampigia Nekane simu. Akamwuliza kama yeye Casilda anaweza kutangulia mbele na baiskeli awaongoze wageni.

"Hapana, dada. Wageni wangu hawataki kuongozwa, wanataka kukimbia peke yao. Nami nitakimbia nao kama mgeni, sitawaambia kitu. Wakipotea hata mara moja, basi, nitachukua njia nyingine, ya mtoni."

Rangi nyingine? Nyekundu na nyeupe ni za wapanda milima. Utepe mwekundu hufungwa na wawindaji, kuonya kwamba siku hiyo wanapiga risasi. Kila rangi ilishapata mwenyewe. Casilda alikaa jikoni akitazama ukuta, na ukutani, kwenye msumari, ulining'inia mfuko wa mkate wa marehemu mama yake, wa kitambaa cheupe, umetariziwa herufi mbili kwa uzi wa buluu.

Kila nyumba ilikuwa na wake. Asubuhi walikuwa wakiutundika nje, naye Casilda akipita na gari anatumbukiza mkate. Siku za ukungu alikuwa haoni barabara wala mlango. Aliona mifuko tu, mmoja hadi mwingine, na hakuwahi kupotea.

Ijumaa asubuhi alianza kugonga milango.

"Mfuko wa mkate?" alishangaa Visitación, jirani yake. "Si nimetilia vitunguu saumu!"

"Vimwage."

"Na mkate utatia? Maana mfuko mtupu nje ni aibu ya nyumba. Watu watasema Visitación kafa."

"Nitatia."

"Uwe mkate wa kweli, shoga, siyo ule wa duka kubwa unaonata kwenye meno."

Basi ikabidi aagize kwa mwokaji wa Torremolar mikate kumi na moja, mmoja kwa kila kona. Mpaka saa sita alikuwa na mifuko kumi. Wa Fructuoso ulikuwa na kiraka cha suruali. Ukabaki wa Obdulia, na bila huo mingine yote ilikuwa bure, maana pale darajani ndipo mtu yeyote angenyoosha mbele akaenda na mahujaji.

Obdulia alimfungulia nusu ya mlango. Casilda akaeleza haja yake. Obdulia akasikiliza mpaka mwisho.

"Mfuko wangu ulining'inia nje siku tatu," alisema. "Siku ya kwanza nikasema gari la Casilda limeharibika. Ya pili nikasema anaumwa. Ya tatu nikautoa."

"Tanuri la mkate lilifungwa, mama."

"Najua lilifungwa. Aliniambia mtu wa posta. Wa posta, Casilda! Miaka ishirini na saba unakunywa kahawa yangu hapa mlangoni, halafu habari zako niletewe na mtu wa posta?"

Casilda angeweza kusema alikuwa na mambo mengi. Akaona ni upuuzi. "Siku ile niliaga nyumba zote za kijiji," alisema. "Ya kwako ilikuwa ya mwisho. Nilifika pale kwenye kona, nikawa nalia, nikaona aibu, nikageuza gari. Na kadiri siku zilivyopita aibu ikazidi. Nisamehe. Na ule mshale pia nisamehe, nilipaswa kukuomba."

"Nitaona," akasema Obdulia, akafunga mlango.

Jumamosi kabla jua halijapanda Casilda alitundika mifuko kumi kwenye kona kumi. Darajani lango lilikuwa limefungwa na nguzo ni tupu. Hakugonga. Alikwenda Torremolar, akachukua mikate ingali moto, na saa tatu, chini ya tao la lango la mji, akamweleza Nekane habari ya mifuko, akamsikia akiwaambia wakimbiaji wenzake kumi na watatu neno moja tu: fuateni mifuko.

Wakaondoka, miguu yao ikilia kwenye mawe ya mtaa wa zamani. Casilda aliwaacha watangulie, akafuata polepole na gari, na kila kona akitumbukiza mkate. Kona ya kanisa bovu, salama, nyayo zimegeuka. Kona ya mizabibu, salama. Kona ya kwenye nguzo ya njia ya mifugo, mtu aliteleza kwenye tope lakini aligeuka. Kadiri daraja lilivyokaribia ndivyo alivyoendesha taratibu zaidi, mpaka gari likazimika kilimani.

Akashuka, akamalizia kwa miguu.

Mfuko ulikuwepo. Mkubwa, wa mistari ya kijivu, umefungwa katikati ya nguzo kwa kamba ya mbuzi. Lango liko wazi, na pembeni Obdulia amekaa kwenye kiti cha jikoni, fimbo mapajani.

"Kumi na wanne," alisema. "Mmoja, yule mrefu wa kaptula ya pinki, alitaka kunyoosha na mahujaji. Nikampigia kelele."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, we kipofu, mfuko huuoni? Hakuelewa, lakini aligeuka."

Casilda akacheka, na macho yakamjaa maji. Akatumbukiza mkate kwenye mfuko. Obdulia akanyoosha shingo, akachungulia.

"Mmoja?"

"Mmoja, mama. Mmoja kila mfuko."

"Mimi nilikuwa nachukua miwili. Miaka ishirini na saba, miwili. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alirudi kwenye gari, akaleta mwingine. Wakanywa kahawa palepale langoni, wamesimama, kama zamani.

Alipofika Valdecierzo wakimbiaji walikuwa wamejaa kwenye mkahawa, viatu nje vimepangwa ukutani, Visitación akiwakaangia. Nekane alikuwa na tope mpaka magotini. "Kila Jumamosi mpaka Novemba," alisema huku anatafuna. "Lakini ule mfuko wa kwenye mizabibu ushushe kidogo, hauonekani vizuri."

"Nitaushusha," alisema Casilda.

Fructuoso akaingia, ameshika mfuko wake wenye kiraka, anautikisa mbele ya wageni wote. "Wa kila mtu una mkate! Wangu umerudi mtupu! Mimi niliyekupa na rangi!"

"Mkate wako uko darajani, shemeji," alisema Casilda, akajifunga aproni. "Ufuate huko."