Rangi Kwenye Skrubu za Mlango wa Nyuma

Kazini wananiita Bi Shaka, na sijawahi kukataa. Nalipwa kwa kutoamini. Nasimamia king'ora na kamera za ghala la dawa, na mtu anayeridhika na taa ya kijani kwa sababu tu ni ya kijani, huyo akalale kwao.

Kila mlango pale una kihisi, kidude kilichofungwa kwenye fremu, na sumaku iliyobandikwa kwenye mlango wenyewe. Mlango ukifunguka, sumaku inasogea mbali, na kwenye kompyuta yangu taa inageuka nyekundu. Ikigeuka usiku, king'ora kinaamsha mtaa mzima. Kila mwezi fundi huja kufungua vihisi, kuvisafisha na kubadilisha betri kabla hazijafa. Lakini nani anajua kama kweli amefungua? Kubandika karatasi ya "kimekaguliwa" hata mbuzi angeweza, akipewa gundi.

Fundi huyu mpya sikumpenda tangu siku ya kwanza. Salamu anaitoa kwa kubana, usoni hakutazami, na begi halimtoki begani hata akienda chooni. Basi nikatega mtego wangu. Akishaondoka, napita nyuma yake na rangi ya kucha, zambarau iliyokolea, nachora kistari kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mfuniko. Skrubu ikizungushwa, kistari kinakatika. Siku nikikikuta kimekatika na fundi hajafika, nitajua kuna mkono umepita.

Kazini sikumwambia mtu. Nyumbani nilimsimulia mume wangu, maana kama simwambii yeye nimwambie nani? Ni dereva wa ghala hilo hilo. Nafasi nilimwombea mimi kwa meneja. Kusikia habari ya rangi, mume wangu alicheka hadi akapaliwa na chai.

"Siku moja utanipaka na mimi, mke wangu, nisifunguliwe na mtu!"

Nikacheka naye. Wiki iliyopita nilikuta kizibo cha ile rangi hakijakazwa, kwenye droo ya chumbani, nikamgombeza binti yetu. Akaninyooshea vidole vyote, kucha tupu. Nikamwambia aniondolee ujanja wake.

Leo asubuhi nilikuwa mezani nikitazama kamera. Mtunza stoo alifungua mlango wa nyuma, ambao hufunguliwa mara chache, ili gari la mume wangu lipakiwe maboksi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, taa imebaki kijani.

Machale yakanicheza. Nikampigia mtunza stoo. "Hebu funga, halafu fungua tena."

Akafunga, akafungua. Kijani.

Nikamwambia meneja fundi aitwe, na asielezwe anaitiwa nini. Tulipokutana mlangoni, nilipanda ngazi kwanza mimi, nikachungulia. Kwa kutupia jicho tu niliona rangi yangu ipo, haijakatika. Nikamweleza meneja habari ya mtego wangu, nikashuka nimetulia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Fungua mbele yetu," nikamwambia fundi.

Akafungua. Nyuma ya betri kulikuwa na sumaku ndogo imegandishwa kwa gundi. Kumbe kihisi kilikuwa na sumaku yake pembeni muda wote, kikiamini mlango umefungwa. Mtu angeingia usiku akahamisha ghala zima, na king'ora kisikohoe.

"Si mimi," fundi alisema. "Nilikiacha kisafi."

"Rangi nimeipaka ulipoondoka, na haijakatika," nilimwambia. "Sasa nani aliingia humo? Jini?"

Meneja akatoa simu kuita polisi. Nilifurahi, sitaficha. Nilijiona nimemjua mtu huyu tangu mwanzo.

Fundi akashuka, akaniwekea mfuniko mkononi, skrubu zikiwa bado ndani yake. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Mama, angalia vizuri. Nina watoto."

Nikauangalia, nia yangu nimkomoe. Mstari ulikuwa mnene, umevimba pembeni. Mimi situmii brashi ya kichupa. Ni nene mno kwa skrubu zile. Natumia njiti ya kiberiti. Chini ya ule mstari mnene kilionekana kistari changu chembamba, kipande huku na kipande kule, havikutani hata nilipozungusha skrubu mpaka ule mnene ukaungana. Mtu alifungua, akaweka sumaku, kisha akapaka upya kwa rangi ile ile.

Habari ya rangi nilimsimulia mtu mmoja. Ya njiti hakuniuliza.

Nikainua macho. Mume wangu alikuwa ameegemea gari, mikono mfukoni, anautazama mfuniko.

"Kuna tatizo, mke wangu?" akaita, kwa sauti yake ile ya utani.

Nikamfikiria binti yetu alivyoninyooshea vidole. Ningenyamaza tu, fundi angeondoka na pingu, na jioni mimi ningempakulia mume wangu chakula. Meneja alikuwa tayari ameweka simu sikioni. Nikamshika mkono.

"Mwache fundi," nikasema. "Mwite dereva."

"Dereva yupi?"

"Wangu."