Kisa cha Kitanda cha Mwisho

Wanafunzi walimbandika jina la Sista Halafu, na jina lilimfaa. Katika chuo kile cha matabibu wasaidizi mjini Tororo, walimu wengine walisoma madaftari yao ya zamani mpaka darasa likasinzia. Benedeta Asio hakufundisha hivyo. Aliingia na mgonjwa kichwani, akaeleza dalili zake, kisha akanyamaza. Wanafunzi waulize, wabishane, wakisie. Anayekwama aliambiwa neno moja tu: "Halafu?" Jibu lenyewe hatoi ng'o, na ukaidi huo aliuonea fahari kupita kiasi.

Jumanne moja, mwaka ule ambao sabuni na sukari zilikuwa za kusikia tu, askari walileta mtu katika hospitali ya chuo, Benedeta akiwa zamu, wakambwaga kwenye kitanda cha mwisho.

"Hii mtu iko na malaria," alisema mkubwa wao. "Patia yeye dawa ya malaria, Sista. Usiulize mingi."

Benedeta alifunua shuka, akaona, akafunika upesi. Mkojo wa mtu yule ulikuwa na rangi ya chai kavu. Alijua palepale kwamba anahitaji dripu, chupa baada ya chupa, kabla figo hazijafa. Alijua pia kwamba kumwekea dripu ni kuwaambia askari: nimeona mlichofanya. Akampa kwinini.

Kesho yake akamfanya mgonjwa yule kuwa somo, bila kutaja jina wala kitanda. Alijidanganya kwamba ni kisa kizuri cha kufundishia. Ukweli ni kwamba alitaka mtu mwingine aseme kile kilichomkaa yeye kooni.

"Malaria kali," alisema mmoja. Mwingine akadhani kichocho, kwa kuwa yeye mwenyewe kwao ni Majanji, ziwani. Emojong, kijana mrefu asiyejua kuficha anachofikiri, akauliza ngozi ya mgonjwa ikoje.

"Imevimba nyuma ya mapaja, na kwenye nyayo."

"Malaria haivimbishi nyayo, Sista."

"Halafu?"

"Misuli imepondwa. Uchafu wake ndio unaoziba figo."

Hapo angeweza kusema vizuri, kaa chini. Darasa lilishaona mambo yanakoelekea, na wengine walikuwa wakitazama meza zao. Lakini Benedeta alikuwa na furaha, Mungu amsamehe, furaha ya mwalimu anayeona akili ikifanya kazi.

"Halafu?"

"Amepigwa," alisema Emojong kwa sauti. "Na wanaopiga watu nyayo katika mji huu tunawajua sote."

Alhamisi mkuu wa chuo alimvuta Benedeta pembeni. Wageni wenye miwani nyeusi walikuwa wamefika kumuulizia kijana mjuaji. Nani aliyepeleka maneno, haikujulikana. Benedeta hakungoja. Alimtoa Emojong bwenini bila hata sanduku, wakapanda lori la Muniru, dereva wa Busia aliyezoea kubeba mizigo bila kuiulizia.

Ilikuwa siku ya soko. Muniru aliwashusha kabla ya kizuizi cha mpakani, akaonyesha kwa kidevu kijia walichopita wachuuzi wa samaki kwenda upande wa Kenya.

"Ingia katikati ya wale mama, kijana. Tembea kama unakwenda nyumbani."

Emojong hakuondoka mara moja. Benedeta alingoja lawama, tena alizitaka. Alikuwa tayari kuambiwa: umenifukuzisha kwetu kwa maswali yako.

"Sista," kijana aliuliza, "yule mgonjwa alikuwa wa zamani, ama?"

Uongo ulimjia mdomoni, akaumeza. "Alikuwa wodini."

"Siku ile tunabishana?"

"Siku ile."

"Basi baada ya somo mkamwekea dripu." Alikuwa akitabasamu kidogo, kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa amepata.

Benedeta alitikisa kichwa. "Amekufa leo asubuhi," alisema. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Tabasamu lilimtoka Emojong polepole. "Lakini mimi nilisema, Sista. Nilisema yote."

"Ulisema."

"Tulijua shida yake Jumatano. Mbona akafa?"

Wachuuzi walikuwa wakipita na makapu yao vichwani, na Muniru alipiga honi kuwahimiza waagane. Benedeta alinyoosha mkono wa kuagana. Emojong aliutazama mkono ule, hakuushika, akaingia katikati ya wanawake wa samaki.