Saa Iliyoning'inia Kifuani

Hapana, sikumpiga. Nani kakwambia nilimpiga? Nilimshika ukosi tu, nikamtikisa kidogo, basi. Shemeji yangu yule, kaka wa bibi yako, hata ningetaka kumpiga ningeanzia wapi? Kifua kama mlango wa ghala.

Tulikuwa wapiga mbizi wa bwawa la maji ya mji. Tunashuka na mitungi ya hewa mgongoni, tunatoa takataka kwenye nondo pale maji yanapoingia bombani. Magogo, magunia, siku moja kitanda kizima, sijui nani alikuwa anahama. Maji yenyewe kama chai ya maziwa, mwenzako humwoni mpaka mgongane pua.

Sasa kila mtungi una saa yake, inakwambia hewa imebaki kiasi gani. Yangu ilining'inia hapa, kifuani. Lakini miaka kumi na moja na shemeji, nilishaacha kuitazama. Anaivuta yeye, anaimulika tochi, ananionyesha vidole. Kumi, endelea. Vitano, tupande. Nilikuwa najisifu mtaani, eti mimi pumzi zangu zinahesabiwa na shemeji.

Siku hiyo kanionyesha kumi. Nikarudi kwenye gogo langu na msumeno. Mara hewa ikawa nzito. Navuta, inakuja kidogo. Navuta tena, hola. Nikamrukia. Akachomoa mpira wa kupumulia mdomoni mwake akanitia mimi, halafu yeye, halafu mimi, hivyo hivyo mpaka juu. Aliyenizamisha ndiye aliyeniopoa, mjukuu wangu, na mpaka leo sijui jambo hilo niliweke wapi.

Ukingoni nikatazama saa. Sifuri.

"Ulisoma nini, wewe?"

Akavua miwani ya maji. Halafu akasema, "Shemeji, vya karibu sivioni. Mwaka wa pili huu. Nilikuwa nakisia."

Hapo ndipo nikamshika ukosi.

"Usimwambie msimamizi," akasema. "Unga wangu utamwagika."

"Na kesho ukipangwa na mwingine? Utamkisia na yeye?"

Tukaenda nyumbani kwangu. Bibi yako kapakua, sahani ziko mezani, mimi nimesimama dirishani, kaka yake mlangoni.

"Chakula kinapoa, nyie mmesimama kama mnasubiri kupigwa picha. Kuna nini?"

"Muulize kaka yako."

"Muulize mumeo."

Bibi yako hana subira, unamjua. Akamwangalia kaka yake weee, akachukua pakiti ya dawa zake kabatini. "Haya kaka, nisomee. Vidonge vingapi?"

Alinyoosha mkono, akaunyoosha mpaka ukaisha. "Dada, mikono imekuwa mifupi." Hakucheka mtu. Akamweleza yote, sauti ndogo, lile jitu.

Nikajua sasa atachambwa. Wapi! Bibi yako akanigeukia mimi.

"Na wewe mwenye macho? Saa ilikuwa kifuani kwa nani?"

Nikatoka dirishani, nikakaa mezani.

"Kesho tunakwenda wote kwa msimamizi," nikasema. "Yeye aseme macho. Mimi niseme sikuangalia."

"Watatufukuza wote wawili, shemeji."

"Basi wawafukuze mmeshiba," akasema bibi yako, akavuta kiti.

Shemeji akaja taratibu, akakaa upande wangu, na mimi nikamsogezea sahani. Tukala.