Bucha Isiyotoa Nyongeza

Mimi nyongeza sitoi. Mtaa mzima wa Ngarenaro unajua. Tangu serikali iruhusu kila mtu afanye biashara, bucha zimeota kama uyoga, na kila muuzaji anakutupia kipande cha bure juu ya kilo yako ili kesho urudi. Kwangu ukinunua kilo, unapata kilo. Hata mdogo wangu Maulida, baba mmoja mama mmoja, alikuwa akija kutoka mtaa wa Sakina anaegemea meza yangu: "Kaka Saadi, niwekee basi kafigo ka nyongeza." Namwambia toka hapa, nina wateja.

Mwaka tisini na nane Maulida akaanza kuvimba, miguu kwanza, halafu uso. Mkojo ukapungua, mwisho ukakatika. Daktari Anande akatuita wote wawili. Akasema figo zake zote zimekufa, mashine ya kusafisha damu itamshikilia kwa muda tu. Asipopata figo ya ndugu, mwaka hamalizi.

"Ndugu gani?" nikamuuliza. "Wazazi walishatangulia, tumebaki sisi."

"Ndiyo maana nimekuita na wewe."

Jamani, nilikasirika! Nilikasirika kwa sababu niliogopa. Figo nimekata miaka ishirini, najua inavyokaa kwenye mafuta yake na kisu kinavyopita. "Daktari," nikamwambia, "ukishaona figo nje, huyo si mnyama tena, ni nyama."

Akacheka. "Bwana Saadi, mtu anaishi na figo moja mpaka anazeeka."

"Sasa ya pili Mungu aliiweka ya nini?"

Akafikiri kidogo. "Labda ni nyongeza."

Maulida, macho hayaonekani kwa uvimbe, akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Basi nimekwisha! Huyu nyongeza hatoi!"

Mimi sikucheka. Neno lile nikaondoka nalo. Miaka arobaini na sita nimetembea na nyongeza ya Mungu ubavuni, wala sijawahi kusema asante.

Kesho yake nikarudi kupimwa. Vipimo vikakubali, tukapelekwa India. Nilipozinduka ubavu unawaka moto, nikauliza: Maulida je? Nesi akatoka, akarudi ameshika mfuko wa plastiki wenye maji ya njano. Kulikuwa na kijana wa Moshi anayesomea udaktari pale, akanitafsiria: ule ni mkojo wa Maulida. Figo ilipotoka kwangu ilikuwa imepauka. Walipoiunganisha na damu ya Maulida kuingia, ikaiva rangi, na kabla hawajamaliza kushona ikaanza kutoa mkojo pale pale mezani.

Subhanallah! Nimeshika figo maelfu kwa mikono hii, zote zilikuwa nyama. Hii imetoka kwangu, imekaa nje hewani, imeingia kwa mtu mwingine, na imeendelea na kazi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nililia, mwanamume mzima, nikitazama mkojo.

Siku ya nne wakamleta kwenye kiti cha magurudumu. Uvimbe umeshuka, macho ni yale yale ya utotoni, na mdomo umeshajikunja kwa uchokozi.

"Kaka Saadi."

"Sema."

"Mbona nyongeza umenipa, na nyama sijanunua?"

Nilitaka kumwambia toka hapa, nina wateja. Badala yake nikajisogeza ukingoni, aegemee kitanda changu.